Kupanga skrini na vitufe vya gari ili mkono ujue njia bila macho

Kila mtu anayebadilisha gari huja na maswali yale yale. "Skrini inanimulika usoni usiku, naipunguzaje?" "Mbona sauti ya ramani haisikiki na muziki unapasua masikio?" "Nimetafuta pa kuondoa ukungu kwenye kioo hadi nikapitiliza njia." Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, sasa nimeyakusanya hapa kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe kila ninapokabidhiwa gari nisilolijua, liwe la kununua, la kukodi au la kuazima.

Tunachotafuta ni hiki: kila jambo unalolihitaji gari likiwa linatembea lifikiwe kwa mkono peke yake, macho yakiwa mbele. Mengine yote, hata yapendeze namna gani, yasubiri gari lisimame.

Hesabu kidogo, kisha tuanze kazi. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa mwongozo mwaka 2013 ikitaka dereva asihitaji kulitupia jicho jambo la ndani ya gari kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, na kazi nzima isimle zaidi ya sekunde 12 za kutazama pembeni. Hizo sekunde 2 tu ni karibu mita 56. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden liitwalo Vi Bilägare lilipima magari 12 kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, madereva wakiwa wamepewa muda wa kuyazoea kwanza. Kazi zilikuwa za kawaida kabisa: kuongeza joto, kuwasha redio na kutafuta stesheni, kupunguza mwanga wa dashibodi na mengine ya aina hiyo. Volvo V70 ya mwaka 2005, gari kongwe kuliko yote pale na lililojaa vitufe, lilimaliza kwa sekunde 10 na mita 306. Gari lililoshika mkia lilihitaji zaidi ya sekunde 40, na wakati huo lilikuwa limeshapita zaidi ya kilomita moja.

Gari lako lina skrini na huwezi kuing'oa. Unachoweza ni kuipanga.

Vitu vya kuandaa

- Dakika 45 hivi mchana, na dakika 10 nyingine usiku. Ya usiku usiiruke, utaona sababu.
- Mahali pa kuegesha palipo wazi. Usikae na injini inanguruma ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya. Na usikae muda mrefu umewasha umeme bila injini, utamaliza betri.
- Kitabu cha gari. Kama hakimo, tafuta faili lake kwa jina la gari, modeli na mwaka. Gari moja likibadilishwa umbo katikati ya uhai wake, skrini nayo hubadilika, kwa hiyo mwaka una maana.
- Simu yako na kebo inayopitisha data. Kebo nyingi za bei rahisi zinachaji tu, na hizo ndizo chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoyasikia.
- Kitambaa laini, kama kile cha kufutia miwani.
- Mtu wa kukaa kiti cha abiria wakati wa zoezi. Si lazima, lakini anasaidia sana.
- Vinundu vidogo vya mpira vyenye gundi, vile vinavyobandikwa chini ya vitu visiteleze. Vitatu vinatosha.

Hatua

1. Panga kiti kabla ya kugusa skrini. Watu huruka hapa, kisha wanalalamika kwamba skrini iko mbali. Egemea kiti vizuri, mgongo na mabega yote yakigusa. Nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono, si vidole, ndicho kilale juu ya ukingo wake. Kanyaga breki hadi mwisho. Goti libaki limekunjika kidogo. Sasa, bila kunyanyua bega, peleka mkono kwenye kona ya mbali kabisa ya skrini. Usipofika, hiyo kona usiipe kazi yoyote ya barabarani. Ikariri.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: usukani ukiwa kulia, mkono unaogusa skrini ni wa kushoto. Kama unaandika kwa mkono wa kulia, kidole chako cha kushoto kinalenga vibaya zaidi kuliko unavyodhani, tena barabara ikiwa na mashimo. Ndiyo maana magari mazuri yana ukingo au kibaraza cha kuegemeza kiganja chini ya skrini. Ukiwa nacho, kitumie: tuliza kiganja au kidole gumba hapo, ndipo ubonyeze kwa kidole cha shahada. Mkono unaoelea hewani hukosea.

2. Vitafute vile vya dharura kwa vidole. Taa za hazadi, wipa, indiketa, honi, taa kubwa, kuondoa ukungu kioo cha mbele, na kupunguza sauti. Vitazame mara moja, fumba macho, kisha vifikie kimoja kimoja. Rudia mpaka usikosee.

Shika hasa upande wa indiketa. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na mkono wa indiketa kulia kwa usukani; ya Ulaya huuweka kushoto. Ukitoka gari moja kwenda jingine, utakata kona huku wipa zinakwangua kioo kikavu. Inachekesha mara ya kwanza tu.

Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia mwaka 2026 wanalinyima gari alama likiwa halina vitufe halisi au swichi halisi kwa mambo matano: indiketa, hazadi, wipa, honi na wito wa dharura. Kama gari lako limeficha mojawapo ndani ya skrini, basi hilo ndilo la kulifanyia mazoezi mara kumi badala ya tatu.

3. Fahamu hewa ya gari, hasa ukungu. Hapa nitakaa kidogo. Redio ikikushinda utaendesha kimya kimya. Ukungu ukikushinda hutaona barabara.

Mara ya kwanza nilipoendesha gari lenye kila kitu kwenye skrini, mvua ilianza ghafla, kioo kikafunga kwa ndani, na pa kuuondoa palikuwa kurasa tatu ndani ya menyu. Nilitoka barabarani nikasimama, nikafuta kwa shati. Toka siku hiyo kitu hiki ndicho cha kwanza kukitafuta.

Alama zenyewe: kioo cha mbele huchorwa kama umbo lililopinda, pana juu na jembamba chini, na mishale mitatu ya mawimbi ikipanda. Kioo cha nyuma huchorwa kama mstatili wenye mishale hiyo hiyo. Watu wengi hubonyeza wa nyuma wakasubiri wa mbele ukauke. Alama ya tatu ni gari lenye mshale uliojikunja ndani yake: hiyo ni kuzungusha hewa ile ile ya ndani. Mshale unaoingia kutoka nje ni hewa mpya.

Ukungu ukitokea kwa ndani, fuata mpangilio huu:

- elekeza hewa kioo cha mbele;
- washa AC, hata kama kuna baridi, kwa sababu AC hukausha hewa;
- ondoa ile ya kuzungusha hewa ya ndani, iingie ya nje;
- ongeza joto na kasi ya feni.

Katika magari mengi kitufe cha kioo cha mbele hufanya yote haya kwa mkupuo. Kibonyeze sasa ukiwa umeegesha, uone taa zipi zinawaka. Kama AC haiwaki yenyewe, ujue itabidi uiwashe kwa mkono.

Kuna ukungu mwingine unaowachanganya watu, ule wa nje. Unatokea hewa ya nje ikiwa na joto na unyevu huku wewe unapuliza baridi kali kwenye kioo. Ukifuata mpangilio wa juu na AC ya baridi utauongeza. Dawa yake ni wipa, kisha uondoe hewa baridi kwenye kioo uielekeze kifuani. Ukitaka kujua ni upi, pitisha kidole kwa ndani. Kikiacha mstari, uko ndani.

Baada ya hapo, kama gari lina AUTO, ile inayojipangia feni na joto yenyewe, weka nyuzi 22 hivi uiache ifanye kazi. Anayekimbizana na feni na joto kila dakika kumi ndiye anayeitazama skrini kila dakika kumi.

4. Vitufe vya usukani. Hivi ndivyo mali yako kubwa. Sauti juu na chini, kuruka wimbo, kupokea na kukata simu, na amri ya sauti. Bonyeza kila kimoja mara moja, kisha kibonyeze na kukishikilia; vingi vina kazi mbili. Angalia kama kuna chenye nyota au kisicho na alama yoyote: mara nyingi hicho unaweza kukipangia kazi mwenyewe kwenye mipangilio. Mimi hukipa ile kazi iliyofichwa ndani zaidi ambayo naihitaji kila siku. Katika gari moja ilikuwa kunyamazisha mlio wa onyo la mwendo, katika jingine kuzima skrini yote usiku.

Onyo: kava nene la usukani hufunika ukingo wa vitufe na vidole hupotea. Kama unalipenda, chagua jembamba.

5. Safisha ukurasa wa mwanzo. Ukurasa wa mwanzo wa skrini mara nyingi huja umejaa vitu vilivyowekwa kumfurahisha mtu dukani: hali ya hewa, picha, mfano wa gari linalozunguka. Ondoa. Bakiza vitu vinne: ramani, simu, muziki, na njia ya mkato ya hewa. Viweke upande ulio karibu na wewe, vikubwa kadiri mfumo unavyoruhusu.

Vitu visihamehame. Mifumo mingine hupanga alama kufuatana na ulivyotumia mwisho, ikidhani inakusaidia. Ukiikuta hiyo, izime. Mkono hukariri mahali, na mahali pakibadilika kila siku hakuna cha kukariri.

Acha mlio wa mguso ukiwa umewashwa. Najua unaudhi. Lakini kioo hakina kina, na bila mlio utatazama kila mara kuhakikisha kama kimekubali. Kama skrini yako hutikisika kidogo ikiguswa, hapo unaweza kuuzima.

(Ugomvi wa skrini na vitufe si wa leo. Buick Riviera ya mwaka 1986 ilikuwa na skrini ya mguso ya kioo kizito kama cha televisheni za zamani. BMW walijaribu njia nyingine mwaka 2001: skrini juu, kitufe kimoja kikubwa cha kuzungusha katikati ya viti, wakakiita iDrive. Kilisemwa sana mwanzoni. Tesla Model S ilipokuja mwaka 2012 na skrini ya inchi 17, watengenezaji wengi wakaifuata. Mimi naona kile cha kuzungusha kilikuwa sahihi zaidi, maana skrini inakaa juu karibu na barabara na mkono unatulia chini. Kama gari lako lina kitu cha namna hiyo pamoja na skrini ya mguso, jifunze hicho kwanza. Wenye nacho wengi hawakigusi.)

Kioo kilicho nyuma ya usukani nacho, kama ni cha kidijitali, kipange: mwendo kwa namba kubwa, na kitu kimoja tu pembeni yake.

6. Unganisha simu. Apple CarPlay ilianza mwaka 2014, Android Auto mwaka uliofuata; gari la karibuni likiwa na mojawapo, tumia hiyo kwa ramani na muziki. Ramani ya simu husasishwa mara kwa mara kuliko ya gari.

Anza na kebo hata kama gari linakubali bila waya. Washa injini, fungua simu, chomeka kwenye tundu la USB lenye alama ya simu au skrini; mengine ni ya kuchaji tu. Simu itauliza ruhusa kadhaa. Soma unachokubali. Ikitulia kwa kebo, ndipo ujaribu bila waya, na hapo washa vyote viwili kwenye simu, Bluetooth na Wi-Fi, maana Bluetooth husalimia tu na Wi-Fi ndiyo hubeba mzigo.

Sasa fanya jambo ambalo watu husahau: zima taarifa za makundi ya mazungumzo zisitokee kwenye skrini. Kila moja ni mwaliko wa kutazama pembeni.

7. Sawazisha sauti, kila moja peke yake. Ndani ya gari kuna sauti nne au tano tofauti, kila moja na kiwango chake: muziki, ramani, simu, mlio wa kuegesha, na mlio wa maonyo. Kitufe cha sauti hubadilisha ile inayosikika wakati huo. Kwa hiyo ukitaka kuipandisha ya ramani, anzisha safari ya uongo, subiri msemaji wa ramani aanze kusema, kisha uzungushe wakati anasema. Akinyamaza umechelewa, utakuwa unapandisha muziki. Ya simu vilevile, mtu akupigie.

Kwenye mipangilio ya muziki, sogeza kitovu cha sauti mbele kidogo kuelekea kwako. Besi ipunguze kabla ya kufikiria spika mpya. Besi nyingi hutetemesha plastiki za milango na watu hudhani gari limelegea. Kama kuna sauti inayopanda na mwendo, iweke kiwango cha kati.

8. Amri za sauti. Fungua orodha ya lugha. Kiswahili kikiwa hakimo, chagua lugha unayoitamka vizuri zaidi kati ya zilizopo, si ile ya heshima. Shikilia kitufe cha usukani na ujaribu amri nne tu: nipeleke mahali fulani, mpigie fulani, ongeza joto, badilisha stesheni. Zinazokubali mara tatu mfululizo zitumie barabarani. Zinazogoma zisahau. Kubishana na gari kunaiba akili kuliko kitufe chochote.

Majina ya watu kwenye simu yaandike kama yanavyotamkwa. Mtu uliyemwandika kwa herufi tatu na picha ya moto hatapatikana.

9. Zoezi la kufumba macho. Gari limeegeshwa, handbreki juu. Fumba macho, mkono kwenye usukani. Mwenzako ataje kazi: hazadi, ukungu wa mbele, punguza sauti, feni chini, kata simu, wipa kasi. Kila moja uipate ndani ya sekunde 3 na urudishe mkono. Uliyoikosa mara mbili, ipe kinundu: bandika kando ya kitufe au kwenye fremu ya skrini sambamba na alama yake, kamwe si juu ya skrini yenyewe. Vitufe bapa vya kung'aa, vile vya mguso vilivyopangwa mstari mmoja, ndivyo vinavyohitaji vinundu zaidi. Usiweke zaidi ya vitatu, vikiwa vingi vinachanganya kama visivyokuwepo.

Rudia zoezi kesho asubuhi. Utashangaa yaliyopotea usiku mmoja.

10. Sasa usiku. Washa taa kubwa na ukae mahali penye giza. Skrini ibadilike yenyewe kuwa ya rangi nyeusi. Isipobadilika, weka mipangilio ya mwanga ifuate taa. Punguza mpaka uweze kusoma lakini usione uso wako kwenye kioo cha pembeni. Mwanga wa dashibodi una swichi yake, mara nyingi gurudumu dogo karibu na usukani, na mara nyingi si ile ya skrini. Angalia pia vitufe gani havina taa kabisa. Vipo karibu katika kila gari, na kwa kawaida ni vile vya milango au vya chini ya skrini. Hivyo ni vya kukariri kwa vidole.

Tafuta jinsi ya kuzima skrini yote kwa mguso mmoja. Safari ndefu ya usiku utanishukuru.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kukata au kuunganisha waya wa handbreki ili video icheze gari likitembea. Fundi atakuambia ni kazi ya dakika tano, na ni kweli. Usifanye.

Kubandika kishikio cha simu juu ya mahali palipoandikwa AIRBAG. Mfuko ukifumuka, simu itarushwa usoni kwa mtu.

Kung'arisha dashibodi kwa mafuta ya kung'aa. Inapendeza kwa siku mbili, kisha jua linarudisha taswira yake kwenye kioo cha mbele na huoni. Dashibodi nzuri ni ile isiyong'aa.

Kupulizia dawa moja kwa moja kwenye skrini. Maji hupenya kwenye kingo. Lowesha kitambaa kidogo kwa maji, kikamue, ndipo ufute, skrini ikiwa imezimwa. Dawa za vioo zenye amonia hula tabaka la juu linalozuia mng'ao.

Kununua skrini ya kubadilisha bila kupima. Tundu la kawaida la redio ni milimita 180 kwa 50, na lile la mara mbili ni 180 kwa 100. Magari mengi ya sasa hayana hata moja ya hayo, yana umbo lake. Na kabla ya kulipa, uliza kama vitufe vya usukani na kamera ya nyuma vitaendelea kufanya kazi. Jibu la "vitafanya tu" halitoshi, aoneshe kifaa kinachoviunganisha.

Ikigoma

*Skrini imeganda.* Simama kwanza. Shikilia kitufe cha kuwashia redio kwa sekunde 10 hadi 20 mpaka ijizime na kuwaka upya. Mifumo mingine ina mchanganyiko wa vitufe viwili, umo kwenye kitabu. Ikishindikana, zima gari, fungua mlango, funga kwa ufunguo, subiri dakika kumi.

*Simu inachaji lakini haionekani.* Kebo. Ukibadilisha kebo bado, futa pamba na vumbi kwenye tundu la simu kwa kijiti cha mti, si pini ya chuma.

*Inaunganika leo, kesho inakataa.* Ifute simu kwenye gari na ulifute gari kwenye simu, pande zote mbili, kisha uanze upya. Kufuta upande mmoja hakusaidii.

*Redio haishiki stesheni nyingi.* Kama gari lilitengenezwa kwa soko la Japani, redio yake inasikiliza masafa ya 76 hadi 90 au 95 MHz, wakati sehemu kubwa ya dunia hutumia 87.5 hadi 108. Mipangilio haitakusaidia. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa kati ya waya wa antena na redio kusogeza masafa. Sauti yake si safi sana, lakini kinafanya kazi. Suluhisho kamili ni kubadilisha redio.

*Redio iliyofungwa na fundi inasahau kila kitu ukizima gari.* Waya wa njano, unaobeba umeme wa kudumu, na mwekundu, wa swichi, vimebadilishana, au wa njano haupati umeme. Mwambie fundi hivyo hivyo, ataelewa.

*Redio inadai namba ya siri baada ya betri kutolewa.* Ni kinga ya wizi. Namba huwa kwenye kadi iliyokuja na gari. Usibahatishe, ukikosea mara kadhaa hujifunga kwa muda.

*Skrini inafifia mchana kweupe.* Umewasha taa kubwa, nayo inadhani ni usiku. Zungusha gurudumu la mwanga wa dashibodi hadi mwisho juu. Kwenye magari mengi hilo huiamuru ibaki ya mchana.

*Skrini inaonekana nyeusi, lakini abiria anaiona.* Vua miwani ya jua. Ile ya kuzuia mng'ao hukata mwanga wa baadhi ya skrini. Inamisha kichwa, ikitokea umepata jibu.

*Mguso unakwenda kando au haukubali.* Futa mafuta ya vidole na majimaji kwanza, kisha ondoa plastiki ya kinga. Skrini za zamani hutaka kukandamizwa na zina sehemu ya kupima upya mguso kwenye mipangilio. Za sasa hutaka ngozi tupu, kwa hiyo glavu za kawaida hazifanyi kazi.

*Sasisho limekwama katikati.* Usizime gari. Subiri hadi muda ulioandikwa kwenye maelezo uishe mara mbili. Masasisho huharibika zaidi kwa betri dhaifu, ndiyo maana huwa nafanya baada ya safari, si asubuhi gari likiwa limelala wiki nzima.

*Gari unalirudisha au unaliuza.* Hili si la kugoma ila huulizwa kwa kuchelewa sana. Ndani ya skrini kuna namba za watu wako, safari zako na mahali palipoandikwa "nyumbani". Kufuta simu kwenye orodha ya Bluetooth hakufuti ramani. Ingia mipangilio, tafuta kurejesha hali ya kiwandani, ukubali, na usubiri iwake upya ikikuuliza lugha kama gari jipya. Ndipo utoe ufunguo.